Mishumaa ya Paja la Nguruwe

Jumatano, 18 Desemba

Hilja amepokea simu kutoka mjini. Mwana wetu Olavi atakuja Noeli pamoja na mkewe Riikka na binti yao Taimi, ambaye sasa anatembea. Watafika Jumatatu. Watakaa hadi Epifania, tarehe sita Januari, Mungu akipenda na mimi nikinyamaza. Maneno hayo ya mwisho si yangu. Ni ya Hilja, mke wangu.

Mwaka jana waliondoka asubuhi ya Noeli yenyewe, kahawa ikiwa bado mezani. Hilja anashikilia kwamba chanzo ni mimi kuzipima nepi chafu za Taimi kwa mizani ya samaki na kuwasomea wageni matokeo kabla ya sala ya chakula. Nilisoma kwa sauti, ndiyo. Uzito usiotangazwa haumfaidii mtu. Riikka alilia. Hadi leo najiuliza ni nepi ipi hasa iliyomliza, maana zilikuwa na tofauti kubwa.

Masharti yamewekwa. Hilja alisimama katikati ya jiko na mwiko mkononi akasema: "Mzee, nisikilize vizuri. Safari hii ukitaja taka mbele ya Riikka, hata mara moja, mjukuu wako utamwona kwenye picha tu."

Nikaweka nadhiri. Neno hilo halitatoka kinywani mwangu hadi Epifania ipite.

Lakini aliyeapa kunyamaza hakuapa kukaa kitako. Nimelitafakari jambo hili jioni yote na sioni dosari ndani yake. Nitapunguza taka za nyumba hii kimyakimya, kama chachu inavyofanya kazi ndani ya unga. Bwana mwenyewe, baada ya kuulisha umati, aliagiza makombo yakusanywe. Sikumbuki kama alihutubia sana juu yake.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimeanza na karatasi za zawadi. Za mwaka jana nilizihifadhi zote chini ya godoro la chumba cha wageni. Zimenyooka, ila si mahali ambapo watu hulalia. Nikachukua pasi.

Sikujua kwamba selotepu iliyozeeka huyeyuka kabla karatasi haijapata joto. Jambo la ajabu kweli. Hunuka kama nywele zilizoungua. Huhama kutoka kwenye karatasi hadi kwenye pasi, kisha kutoka kwenye pasi hadi kwenye kitambaa cheupe cha meza ya Noeli, kile alichokitarizi marehemu mama mkwe.

Nimekigeuza kitambaa. Upande wa nyuma nao una uzuri wake.

Hilja alisimama mbele ya meza akakitazama, akanitazama mimi, kisha akaenda kuifungia pasi kabatini, humo humo alimoificha mizani. Ufunguo ameuvaa shingoni.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimekutana na jirani yetu Tauno Pirttijoki mbele ya duka. Aliendesha lori la maziwa hadi alipostaafu, na tangu hapo hana wa kupigizana naye kelele isipokuwa mimi na mbwa wake, Halli. Alikuwa amebeba mzigo wa pakiti tupu za maziwa. Sababu naijua. Kila Noeli duka letu hupokea mafuta ya mapaja ya nguruwe tunayooka: unayamimina kwenye pakiti, yanaganda, unayapeleka baada ya sikukuu, nayo husafirishwa mbali yakageuzwe dizeli. Mwaka jana Tauno alipeleka mengi kuliko mtu yeyote kijijini, na hajamruhusu mtu kusahau.

"Mzee Iisakki," akaniambia, "paja langu la mwaka huu ni kubwa kuliko mimbari uliyokuwa ukiifuta vumbi. Malori yatatembea hadi Pasaka kwa mafuta yangu. Na wewe utaleta nini? Kijiko?"

Halli alininusa buti kwa makini. Nikamjibu Tauno kwamba kila mtu atapimwa kwa kipimo chake, nikaenda zangu.

Hata hivyo maneno yake yalinifuata njia nzima. Kwa nini malori yatangulie mbele ya marehemu? Nilikuwa mtunza kanisa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nami najua Noeli huacha nini makaburini. Siku ya mkesha kijiji kizima huwasha mishumaa juu ya makaburi ya watu wao, na hata asiyeamini huvua kofia akiona. Sikukuu zikipita, ni mimi niliyekuwa nikikokota kigari thelujini nikiokota vikopo vya plastiki vya mishumaa hiyo, vyeusi kwa masizi, vimejaa barafu. Nyumba yetu peke yake hununua kikopo kwa kila marehemu, na ukoo wa Hilja umefariki kwa wingi.

Ndipo wazo lilipokuja. Mafuta ya paja la nguruwe ndani ya vichupa vya jamu, na utambi wa uzi wa pamba. Mafuta hayamwagwi kwenye bomba la jikoni, na vikopo vya plastiki havinunuliwi. Taka mbili zimekwisha kwa tendo moja, na sijatamka neno.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye jiko la usharika, ambako mama Aune alikuwa amemaliza kuwapikia wazee karamu yao ya Noeli. Nikamwomba mafuta. Hakuuliza ya nini. "Chukua, mzee wangu, chukua. Ndoo tu uirudishe." Watu wema hawaulizi maswali. Nimeliona hilo mara nyingi. Mimi ningeuliza.

Jumamosi, 21 Desemba

Majaribio, ndani ya sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke uani, mlango umefungwa.

Mshumaa wa kwanza ulitema cheche kama paka aliyeudhiwa. Nadhani ni chumvi, na maji yaliyojificha ndani. Nikayachemsha mafuta upya, nikayachuja kwa kichujio cha chai. Wa pili ulitema kidogo. Wa tatu uliwaka. Mwanga wa manjano, mfupi, mnyenyekevu. Utambi ulikuwa ukilala upande mpaka nilipoufunga kwenye msumari. Kwa nini mafuta ya nguruwe yawake taratibu kuliko nta? Sijui. Nimekaa mbele yake muda mrefu nikitazama.

Harufu: karafuu, haradali, nyama ya kuoka.

Hilja alivuka ua akiwa amevaa ndara, akauliza ni nani anayeoka nyama kwenye sauna. Nikamwambia anuse na kufurahi.

"Nimenusa," akasema. "Kufurahi bado."

Swali moja lilibaki: je, utawaka kwenye baridi? Niliuweka kwenye ngazi ya nje, ukawaka vyema hadi nilipoingia ndani kula. Nilipotoka, kichupa kilikuwa kitupu, kimelambwa kikang'aa, msumari umesimama peke yake. Alama za miguu kwenye theluji. Mbweha? Sungura hali mafuta. Nimezichora alama kwa ajili ya uchunguzi.

Jumatatu, 23 Desemba

Wamefika, theluji hadi magotini. Taimi ana meno. Alinivuta ndevu akafurahi.

Jambo kubwa. Riikka ameshuka garini na kikapu, na ndani ya kikapu kuna nepi za kitambaa. Pamba nene, nyeupe, pindo limeshonwa kwa mkono. Ya plastiki hakuna hata moja. Nusura nianguke ngazini. Maswali yalinijaa kifuani: huloweshwa kwanza au huchemshwa moja kwa moja? Hukauka baada ya muda gani? Tabaka ngapi? Lakini nepi na taka ni ndugu wa tumbo moja, na nadhiri ni nadhiri. Nikauliza barabara ilikuwaje.

Riikka akazitundika kwenye sauna, juu ya jiko la mawe. Kisha akapita mbele yangu na kikapu. Akapita tena, polepole zaidi. Safari ya mwisho alisimama kabisa mbele ya kiti changu: "Samahani, Baba, napita na nepi zangu hizi za kitambaa."

Nikamwambia apite tu, mwanangu, nafasi ipo. Nilijisikia kuwa na nguvu za wafiadini.

Baadaye nilimsikia jikoni akimwambia Hilja: "Mama, mwaka mzima nimezifua. Mwaka mzima. Hata neno moja?" Hilja akashusha pumzi. Sikuelewa ni neno gani lililongojewa, wala kutoka kwa nani. Labda kwa Olavi. Waume vijana hawajui kusifu. Nimemvuta kando nikamwonya.

Jumanne, 24 Desemba. Mkesha

Paja la nguruwe limeiva vizuri, na sinia lilijaa mafuta. Yalihitaji kuchujwa kwa uangalifu, na kichujio cha chai, kama nilivyokwisha kuthibitisha, hakitoshi. Kwenye sauna kulikuwa na vitambaa safi vya pamba vimetundikwa, vya tabaka nyingi. Nikachukua kimoja. Mafuta yalishuka angavu kama asali ya kwanza. Kitambaa kikajaa, nikachukua kingine, na kingine tena, kwa kuwa matokeo yalizidi kuwa bora. Nilivisuuza vyote kwa maji baridi na kuvirudisha mahali pake. Hakuna aliyepoteza kitu.

Adhuhuri tulitazama kwenye televisheni Amani ya Noeli ikitangazwa kwa nchi nzima, kama kila mwaka, tukala uji wa mchele. Taimi aliangukiwa na ile lozi moja ya bahati inayofichwa kwenye uji, ndani ya bakuli lake. Akaitema.

Kisha makaburini. Nilikaa kiti cha nyuma, vichupa katikati ya miguu. Kabla hatujafika langoni Riikka alimwambia Olavi, kwa sauti ya chini lakini gari ni dogo, kwamba kesho baada ya ibada wafungashe. Nyumba hii hairidhiki, alisema. Ukikosea unasomewa mbele za watu, ukijitahidi unatazamwa kama ukuta. Hilja aligeuka akanikazia macho.

Mimi! Sikuwa nimesema kitu. Nadhiri nimeishika kuliko mtawa. Nikajaribu kulifumbua fumbo hilo hadi gari liliposimama, na sikuweza.

Kiza kilikuwa kimeshatanda, na bustani yote ya makaburi ilikuwa inawaka. Nikawasha mshumaa wangu wa kwanza kwenye kaburi la mama, wa pili kwa baba, kisha nikaendelea na ukoo wa Hilja, mmoja mmoja. Mwanga wa manjano kati ya mianga myeupe. Pazuri mno.

Upepo ukageuka.

Kwanza watu waliacha kunong'ona. Mzee mmoja aliyekuwa amevua kofia aliinua pua. Mtoto fulani akamuuliza mama yake kama chakula kiko huku. Mchungaji Kaarina alikuwa akiongoza sala karibu na lango, na alipofika penye ombi la riziki ya kila siku sauti ilimkwama, akaanza upya, ikakwama tena.

Tauno alikuwa amesimama kwenye kaburi la mkewe, kamba ya Halli mkononi. Mara kamba ikawa mkononi bila Halli. Mbwa alikwenda moja kwa moja kwa mama. Akauzima moto kwa ulimi, mara moja, bila kuungua. Niliinama karibu kabisa ili nione anavyofanya, na bado sielewi. Kisha akaenda kwa baba. Kisha kwa shangazi zake Hilja, bila kumruka hata mmoja.

"Halli! Rudi hapa, mpumbavu wee!" Tauno alikuwa akija mbio, akizunguka makaburi kwa heshima. "Mzee Iisakki, marehemu umewaandalia nini, supu?"

Nikatazama alama za miguu ya Halli kwenye theluji. Zilikuwa zile zile za ngazini kwangu. Nikaridhika. Si mbweha.

Nilipogeuka, Riikka alikuwa ameketi chini kwenye theluji, uso ndani ya glavu, mabega yakitikisika. Nikadhani ni majonzi. Nikasogea nimfariji. Alikuwa anacheka, machozi yakimtoka.

"Baba," akasema alipopata pumzi, "haya ni mafuta ya paja letu la nguruwe?"

Sikujibu. Kutoka mafuta hadi taka ni hatua fupi. Nikamtazama Hilja, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Haya, sema," Hilja akanijibu. "Nimekufungua."

"Nilimwahidi mama yenu kwamba sitataja taka mbele yako hadi Epifania," nikamwambia Riikka. "Nimejitahidi. Hata nepi zako nimezinyamazia. Tangu jana nateseka nikitaka kuuliza hukauka vipi."

Hakucheka tena. "Kwa hiyo uliziona?"

"Ningekosaje kuziona? Lile pindo ni kazi ya mtu mwenye subira."

Alinyanyuka, akajipangusa theluji, akanishika mkono, na hakuuachia hadi garini. Akamwambia Olavi hakuna cha kufungasha. Wanabaki hadi Epifania.

Naandika hapa, kwa shukrani, kwamba ni mishumaa iliyofanya hivyo. Mwanga una namna yake ya kugusa watu.

Jumatano, 25 Desemba. Noeli

Ibada ya alfajiri. Nimeimba beti zote.

Sasa kwa kuwa nimefunguliwa, nimemuuliza Riikka maswali machache tu. Huloweshwa kwanza. Hukauka kwa siku moja juu ya jiko la sauna. Tabaka ni sita. Alijibu kwa furaha, akanionyesha hata namna ya kuzikunja, na nilipokunja yangu vibaya alicheka akanikunjia upya. Hilja alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu uchumba. Kisha akasema: "Umeuliza, umejibiwa. Sasa kula na utulie hapo hapo."

Mtu aliyekuwa bubu karibu juma zima hawezi kutulia hapo hapo. Nimeandaa maneno kwa ajili ya kesho.

Halli amelala kizingitini kwetu tangu asubuhi. Akifukuzwa hurudi. Mlango ukifunguliwa humtazama Taimi kwa mapenzi mazito, akiramba midomo. Wanyama huwatambua wasio na hatia.

Taimi amekuwa akilia leo, anajikuna mapajani. Meno, nadhani.

Alhamisi, 26 Desemba. Siku ya Stefano

Nilisimama wakati wa chakula cha mchana. Nikaanza na manna jangwani, nikapitia karatasi za zawadi na maganda ya viazi, samaki akiwa anapoa, nikafika kwenye nepi. Nikamsifu Riikka mbele ya wote kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Aliona haya, akatabasamu. Nilipaswa kukomea hapo, anasema Hilja. Lakini sifa bila ushahidi ni upepo.

Nikaenda sauna nikaleta nepi moja, nikaiweka mezani. Ilikuwa imekakamaa kama ubao, ya manjano, na ilinukia karafuu. Nikawaeleza nilichokigundua: nepi ya namna hii ina fadhila ya pili. Huchuja mafuta ya paja la nguruwe kuliko kichujio chochote cha dukani. Kila nyumba yenye mtoto ingeweza kuchuja mafuta ya majirani wote wakati mtoto hazitumii.

Riikka aliigusa kwa kidole. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ni hii peke yake.

Nikamjibu kwa ukweli, kama nilivyolelewa. Si hii peke yake. Nyingine nilizirudisha kwenye kamba, na kwa mtazamo wangu nusu ya kikapu imeshapata faida hiyo.

Akamtazama Taimi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake kirefu akijikuna. Akainama, akamnusa. Nje, Halli alikuwa anakwaruza mlango.

"Yule mbwa," Riikka akasema, "alijua kabla yangu."

Akainuka mezani, akambeba mtoto, akatoka. Nadhani alikwenda kutafuta kalamu ya kuandika niliyosema. Niliendelea kwa ajili ya Olavi, lakini naye akaitwa.

Baada ya muda nikasikia injini. Nikakumbuka siku. Tangu enzi za babu zangu, siku ya Stefano watu hutoka kutembea kwa farasi na kigari cha theluji, na siku hizi kwa gari. Nilifurahi kuona vijana wameikumbuka desturi hiyo pasipo kukumbushwa. Olavi alikuwa akipakia. Vijana wa leo hutoka matembezini na masanduku yote, na kikapu, na kitanda cha mtoto. Hilja naye alitokea amevaa koti la kanisani, amebeba lililosalia la paja la nguruwe likiwa limefungwa kwenye kitambaa cha meza, upande wa mbele ukiwa nje. Nikamwambia wapite njia ya ziwani, theluji ya huko ni nzuri. Alikuwa amekwishafunga mkanda.

Taimi alinipungia mkono. Halli alikimbia nyuma ya gari hadi kwenye kona.

Ijumaa, 27 Desemba

Matembezi ya mwaka huu ni marefu.

Hilja amepiga simu. Wako mjini, kwa Olavi. Taimi amepakwa dawa, amelala. Riikka anachemsha nepi sufuria baada ya sufuria, na harufu haitoki. Hilja atarudi Epifania ikipita, akishapumzika kufundishwa. Nikauliza Riikka anatumia sabuni gani. Simu ikakatika. Mitambo ya majira ya baridi haiaminiki.

Ila nimegundua jambo, na nimelichunguza tangu asubuhi kwa sababu sikuliamini. Ndoo ya jikoni ni tupu. Tupu kabisa. Hakuna maganda, hakuna karatasi, hakuna nepi za aina yoyote. Nyumba yote haijatoa taka za kumtosha shomoro. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijapata kuona ushindi wa namna hii, tena katikati ya sikukuu.

Nimetafuta chanzo. Si karatasi za zawadi, maana pasi bado imefungiwa. Si mishumaa, maana imeliwa. Nikiondoa yote yasiyowezekana, linabaki moja: hotuba yangu ya jana mezani. Imewaingia kuliko nilivyodhani.

Pasaka watakapokuja nitaitoa tena tangu mwanzo, na kwa sauti ya juu zaidi, kwa ajili ya Riikka, ambaye hakuusikia mwisho wake.